Tende, asali au matunda: kipi kinakata hamu ya sukari saa kumi jioni?

Dada wa Tabata
Wakuu, salaam. Huu mwezi wa pili nakula kwa adabu: ugali kidogo, mboga nyingi, soda nimeacha. Balaa linaanza saa kumi ofisini. Kuna mama anapita na ndoo ya visheti, harufu ya iliki inamtangulia koridoni. Jana nimekula vinane, kisha nikalamba sukari iliyoganda kwenye mfuko. Nimebaki na njia tatu: tende, asali kwenye chai, au matunda. Aliyejaribu anieleze.

Mzee Kahawa
Tende, mwanangu. Niko Maskati kwa binti yangu, huku kahawa chungu na tende haviachani, kama kwetu Tanga. Ule uchungu ndio unaofanya moja au mbili zitoshe. Ila ukila tende kavukavu huku unachezea simu, utashtuka sahani imejaa kokwa.

Muuguzi wa Zamu
Mzee wangu, shikamoo. Tende ina nyuzinyuzi, sawa, lakini zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Ile kubwa ya Medjool moja tu ina gramu kama 16, yaani vijiko vinne vya chai. Asali ndiyo watu wanajidanganya nayo kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaihesabu pamoja na sukari ya mezani, na juisi pia, hata uliyokamua mwenyewe. Wanashauri zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ukiweza chini ya 5, ambayo ni kama gramu 25. Kijiko kimoja cha chakula cha asali kina gramu 17 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Chungwa lile, usilikamue.

Kibonge Mstaafu
Na vile vidonge vya kutia utamu kwenye chai?

Muuguzi wa Zamu
Mwaka 2023 shirika hilohilo lilishauri visitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Mwenye kisukari aongee na kliniki yake, hilo ni jambo jingine.

Kibonge Mstaafu
Basi mimi napinga wote. Matunda peke yake hayakunisaidia, nikila embe natamani keki. Dada, mchana unakula nini? Mimi nilikuwa napiga kachumbari na chai nikajiona shujaa, ikifika saa kumi natetemeka. Nilipoanza kula maharage ya kutosha na yai, hamu ikapungua bila kupigana nayo. Siku hizi nabeba ndizi mbivu na karanga kiganja kimoja. Ndizi inatuliza ulimi, karanga zinakaa tumboni.

Dada wa Tabata
Mchana nakula tikiti maji. Msinicheke.

Mzee Kahawa
Tikiti maji! Hicho si chakula, hayo ni maji yaliyovaa kanzu.

Dada wa Tabata
Mrejesho, siku ya nne. Wali nusu sahani, maharage, mchicha. Saa kumi nimenunua visheti vitatu, nikavila na chai ya tangawizi isiyo na sukari, basi. Tende nimeziacha nyumbani, najijua. Mama wa visheti kaniuliza kama naumwa.