Shali ya rangi mbili, gata na lesi: ukingo wa juu unajivuta. Nifumue?

Sindano_Kayole
Hamjambo wenzangu. Ninamfumia shosho yangu wa Limuru shali ya pembetatu. Kule Julai baridi huingia hadi mifupani, na leso peke yake haimtoshi akienda ibada ya asubuhi. Mchoro ni wangu mwenyewe: karibu na shingo gata tupu (ule ufumaji wa mshono mmoja uleule, mbele na nyuma), mistari ya maruni na rangi ya maziwa, kisha mkanda wa lesi ya majani, kisha gata tena hadi mwisho. Nina maruni gramu 200 na maziwa gramu 100, akriliki ya unene wa wastani, na sindano ya mviringo ya milimita 4.

Nilianzia shingoni kwa mishono 9: mitatu ya ukingo kila upande, mmoja wa uti katikati, na mmoja mmoja wa kuanzia kila bawa, yaani kila nusu ya shali kando ya uti. Kila safu ya mbele, yaani moja katika kila mbili, naongeza mishono 4, miwili kwa kila bawa. Sasa nimemaliza safu ya 56, nina mishono 121. Ukingo wa juu umejipinda kama upinde badala ya kunyooka. Lesi yangu hujirudia kila mishono 10 na kumalizia 1, lakini nikihesabu bawa hainikubalii. Na upande wa nyuma, kila nilipobadilisha rangi pana vidoa vidoa. Nimeifuma wiki tatu hii. Nifumue yote?

MamaNyuzi_Umoja
Dada, weka sindano chini kwanza. Vidoa si kosa. Kwenye gata, ukibadilisha rangi, upande mmoja mstari hukatika safi na upande wa pili rangi huingiliana. Ndivyo mshono wenyewe ulivyo. Badilisha kwenye safu ya mbele tu, kila mara, vidoa vyote vikae nyuma.

Sasa hesabu. 121, toa 6 za kingo na 1 ya uti, zinabaki 114, yaani 57 kwa kila bawa. Lesi yako inataka 51 au 61. Fuma safu nne zaidi za gata ufike 61, ndipo uingie kwenye majani. Kutoka hapo kila safu 10 bawa hukua kwa mishono 10, yaani jani moja zaidi. Jani lako likiwa la safu 10, mchoro utajipanga.

Ngara_Nyuzi
Ukingo usikutie hofu. Ukimaliza, loweka, tandaza kwenye godoro, bana kwa pini. Zangu zote hujipinda zikiwa sindanoni.

FundiSweta_Githurai
Hapo sikubaliani. Hiyo ni kweli kwa sufu ya kondoo, kama ile inayosokotwa kwa mkono Nanyuki: ukiilowesha na kuitandaza hubaki ilivyokaukia. Akriliki haishiki umbo kwa maji. Inataka mvuke, pasi ikiwa juu juu bila kugusa, maana ikigusa uzi hulegea moja kwa moja na haurudi tena.

Lakini kabla ya hayo, niambie: rangi usiyoitumia unaipandishaje?

Sindano_Kayole
Pembeni, fundi. Naivuta kidogo isining'inie.

FundiSweta_Githurai
Basi ugonjwa ni huo. Uzi ule umekuwa kama kamba ndani ya kiuno cha suruali: ukingo unataka kurefuka, kamba imeukaza. Hakuna maji wala mvuke utakaourefusha. Samahani sana, maana najua wiki tatu ni nini, lakini fumua urudi chini ya mstari wa kwanza wa rangi ya pili.

Ukirudia, kila unapochukua rangi nyingine nyoosha kwanza ukingo juu ya meza, ndipo upandishe uzi ukiwa umelala tu. Tena, baada ya mshono wa kwanza wa safu zungusha uzi mara moja juu ya sindano, na ukirudi kiangushe kile kitanzi bila kukifuma. Kinaupa ukingo nafasi. Mama alinifundisha hilo nikiwa mdogo, kwa sindano za spoku za baiskeli, na bado nalifanya kwenye kila shali.

MamaNyuzi_Umoja
Fundi amesema kweli, mimi niliangalia mishono tu nikasahau ukingo. Fumua, mwanangu.

Niongeze ya lesi, maana hapo ndipo wengi hupotea. Kila tundu lazima liwe na mshono wa kulifidia: ukizungusha uzi, mahali pengine kwenye jani hilohilo fuma miwili pamoja. Yasiyofidiwa ni manne tu kwa kila safu ya mbele, yale ya kuongeza mishono kando ya kingo na uti. Safu za kurudi zifume kama gata, shosho akiitupia begani pande zote mbili zipendeze. Na kabla ya jani la kwanza pitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine ndani ya mishono yote. Ukikosea, utafumua hadi hapo tu.

Lesi iwe ya maziwa. Maruni humeza matundu. Gramu 100 zitatosha: ukifika safu ya 200 utakuwa na mishono 409 sindanoni, na safu 40 za lesi, kutoka 61 hadi 100, ni chini ya sehemu ya tano ya mishono yote. Kinachokula uzi ni mwisho. Nusu ya kazi huifikii safu ya 100, ni karibu na 140. Kwa hiyo maruni uipime kwa mizani ya jikoni, na uache ya kutosha safu tatu kwa kufunga mishono, tena ufunge kwa sindano kubwa zaidi ili ukingo usikaze.

Sindano_Kayole
Nimerudi. Nilifumua Jumamosi, nikabakisha safu 8 za kwanza. Leo nimefika safu ya 60: mishono 129, kila bawa 61, nimehesabu mara mbili. Nimeilaza mezani na ukingo umenyooka. Uzi wa bluu nimeshaupitisha. Naanza jani la kwanza usiku huu.