Nafanya kazi Mtumba, nimeuziwa mtumba: laptopu "mpya" ya 1,450,000 inajizima mara nne kwa siku

Wakuu, habari za jioni. Naandika nina hasira, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Duka silitaji, maana hela yangu bado iko kwao na sitaki wapate pa kujifichia kwa kusema nimewachafua. Ni hapa Dodoma mjini, kutoka Nyerere Square unatembea dakika chache tu. Aliyewahi kuuziwa pale atajijua mwenyewe.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi zetu nyingi siku hizi ziko Mtumba, Mji wa Serikali. Kwa msiokaa huku, Mtumba ni jina la mahali, siyo nguo za mnadani. Naliweka wazi mapema kwa sababu utani huo ofisi nzima imeshanipiga wiki hii na umeshanichosha.

Nilinunua siku ya Jumamosi. RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 16, SSD (diski) GB 512, ndani ya boksi lake, nailoni juu, chaja imefungwa vizuri kwa kile kiwaya chake. "Mpya kabisa dada yangu, imeingia juzi, dhamana mwaka mzima." Nikalipa 1,450,000 kwa lipa namba. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa mashine mtandao unasumbua, nipitie Jumatatu. Nikapewa ya kuandika kwa mkono: "laptop 1". Basi. Hakuna modeli, hakuna namba ya mashine. Najua, najua, ukinunua dai risiti. Tangazo hilo nimelisikia miaka yote na siku yangu ilipofika nilikuwa nawahi gari.

Jumapili ikakaa vizuri. Jumatatu saa nne hivi nimefungua BOQ (orodha ya vifaa na gharama za ujenzi) ya kurasa arobaini na kitu, kioo kikageuka bluu, kikatokea kile kiuso chenye huzuni, mashine ikajizima na kujiwasha. Nikasema labda bahati mbaya. Mchana tena. Jioni tena, safari hii nasoma PDF tu, wala sifanyi kazi nzito. Kila mara maandishi ya chini yanabadilika: MEMORY_MANAGEMENT, halafu PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, halafu IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Nikawa napiga picha kwa simu, na namshukuru Mungu kwa wazo hilo, mtaona mbele.

Nikairudisha dukani. Fundi wao hata hakuiwasha. "Hii ni Windows tu dada, tunakupigia upya." Elfu thelathini. Nikauliza dhamana iko wapi, nikajibiwa dhamana ni ya mashine, Windows ni programu. Haya. Wakapiga upya, wakafuta kila kitu, pamoja na zile kumbukumbu za hitilafu ambazo mashine inajiwekea kwenye folda ya Minidump. Yaani ushahidi wa ugonjwa umeufuta wewe mwenyewe, tena kwa hela yangu.

Siku mbili baadaye, ileile. Nikarudi. Sasa ikawa "virusi, dada umechomeka flashi ya nani?" Wakaweka antivairasi. Elfu kumi na tano.

Alhamisi iliyofuata ndiyo siku ambayo sitaisahau. Tulikuwa na zabuni kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, inafungwa saa nne kamili asubuhi. Mtasema kwa nini sikuwasilisha jana yake. Kamuulize mwenye duka la nondo aliyebadilisha bei jana yake saa kumi na mbili jioni. Saa tatu na dakika arobaini na nane niko kwenye kupandisha viambatisho, kimebaki kimoja. Bluu. Asilimia zinapanda polepole kama zinapanda Mlima Kilimanjaro, ikawaka, nikaingia, nikafungua kivinjari, bluu tena. Nilipofanikiwa kuuona ukurasa ilikuwa saa nne na dakika tatu. Mfumo siulaumu, muda ukifika umefika, na ndivyo inavyotakiwa. Bosi hakusema neno. Alinyanyua kikombe chake cha chai akatoka nje. Bora angenitukana.

Nikaenda dukani mchana huohuo, jasho linanitoka, na hapo ndipo walipomaliza uvumilivu wangu. Fundi akafungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, akashuka na mshale hadi mstari mwekundu ulioandikwa Kernel-Power 41, akaugonga kwa kidole. "Unaona? Power. Umeme wa kwako unapanda na kushuka, unaua mashine." Nikamwambia ilizima ikiwa kwenye betri, waya wa chaja ulikuwa kwenye mkoba. Akacheka kidogo. Halafu akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Hakuna shemeji anayeweza kuja tuongee naye?"

Shemeji! Hela nimelipa mimi. Zabuni nimekosa mimi. Shemeji aje kufanya nini, kushika mkoba?

Usiku ule sikulala. Nikakaa na kijana wa TEHAMA wa ofisini kwetu kwenye simu, yeye ananielekeza, mimi natenda. Nitaeleza kwa kirefu hapa maana kuna mtu atasoma uzi huu akiwa na tatizo lilelile na fundi anamwambia habari za virusi.

Kwanza ile Kernel-Power 41. Haina maana ya umeme wa ukutani. Inasema tu kwamba mashine iliwaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Ukifungua sehemu ya maelezo yake kuna mstari unaitwa BugcheckCode. Umeme ungekuwa umekatika ghafla, kwa kawaida pangekuwa na 0. Kwangu palikuwa na 26, na nyingine 80. Hizo ni namba za hitilafu zilezile nilizopiga picha: 26 ni MEMORY_MANAGEMENT, 80 ni ile PAGE_FAULT. Fundi alisoma neno moja la Kiingereza akatoa hukumu.

Pili, kule kubadilika kwa maandishi. Kijana akaniambia, dada, hitilafu ikiwa moja kila siku, unaanza kushuku draiva (programu inayoendesha kifaa) au programu fulani. Ikiwa inabadilikabadilika hovyo, ishuku RAM. Sikuelewa mpaka nilipojieleza mwenyewe kwa lugha ya daladala: kuna kiti kimoja kimevunjika. Leo anaumia mwanafunzi, kesho mama wa mboga, keshokutwa konda. Kila siku jina la majeruhi ni jingine, kiti ni kilekile. RAM ndiko kila kitu kinakoketi wakati mashine inafanya kazi, na yeyote anayeangukia pale palipooza ndiye anayepiga kelele.

Tukaanza na kipimo cha Windows chenyewe, unaandika mdsched, mashine inawaka upya na kujipima. Kikasema hakuna tatizo. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Kijana akasema usikiamini kikisema salama, kiamini kikisema mbovu. Tukaweka MemTest86 kwenye flashi, ile ya bure inapima mizunguko minne, nikaiacha mezani saa tano usiku. Mzunguko wa kwanza ukapita safi. Saa nane kasoro naamka kunywa maji, nakuta mistari myekundu imejaa, makosa 311. Asubuhi yalikuwa zaidi ya 900. Kosa linalovumilika kwenye RAM ni sifuri.

Ikabidi nifungue. Juu ya skrubu moja duka lilikuwa limebandika stika yao ya dhamana, nikaipiga picha kabla ya kuigusa, pande zote, na gazeti la siku hiyo pembeni kama kwenye filamu za utekaji. Skrubu mbili vichwa vyake vilikuwa vimechunwa. Mashine mpya, skrubu imechunwa na nani? Nikanyanyua kifuniko polepole.

Wakuu. Feni ilikuwa na vumbi. Siyo vumbi la siku chache. Lilikuwa limeshikana kama pamba ya mto, la kijivu, limeziba nusu ya matundu ya kutolea joto. Sisi wa Dodoma vumbi letu tunalijua, ni jekundu, tunalifuta kwenye meza asubuhi na jioni limerudi. Lile la kijivu halikutoka Ilazo wala Nkuhungu. Lilikuja na mashine kutoka huko ilikotumika, likavuka bahari na boksi lake.

RAM zilikuwa mbili za 8. Moja ya kampuni hii, nyingine ya kampuni ile, kasi tofauti, na ya pili ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene: "ok". Fundi fulani aliitoa kwenye mashine nyingine, akaipima kwa macho, akaipa baraka zake. Nikaitoa hiyo "ok", nikabaki na 8 moja. Siku tatu mashine haikuzima hata mara moja, na nilifungua kila kitu nilichonacho. Siku ya nne nikabadilisha, nikaweka "ok" peke yake. Dakika arobaini, bluu. Sina swali tena.

Sasa nilikuwa na hamu ya kujua umri wake. Kuna programu ndogo ya bure, CrystalDiskInfo, inasoma kumbukumbu za diski yenyewe. Saa ilizokaa ikiwa imewashwa: 6,412. Nimekuwa nayo siku kumi na tisa. Hata ningeiacha inawaka usiku na mchana bila kupumzika ni saa 456. Zinazobaki ni 5,956. Mtu wa ofisi anayewasha saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, hiyo ni karibu miaka mitatu. Nikafungua na ripoti ya betri, powercfg /batteryreport, ukurasa unajitengeneza wenyewe. Betri ilizaliwa na uwezo wa mWh 45,030, sasa inajaa 31,870 ikijitahidi sana. Diski na betri hazijawahi kuonana na mimi kabla, lakini zinatoa ushahidi mmoja.

Nikaviprinti vyote. Nikaenda dukani Jumamosi hii, duka limejaa watu, makusudi kabisa. Nikaweka karatasi kaunta. Fundi akasoma, akamwita mwenye duka. Mwenye duka akasoma, hakubisha hata namba moja. Akasema kwa upole, kama anamweleza mtoto: "Dada yangu, mpya maana yake mpya kwako."

Nikamwomba arudie. Akarudia!

Halafu akanipa njia mbili. Ama wanibadilishie RAM bure, niendelee nayo, ama niongeze laki tatu nipewe "nyingine mpya". Nikamuuliza mpya kwa nani. Akanionyesha karatasi ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na akasema kwa kuwa nimefungua kifuniko dhamana imekufa.

Kabla hamjaanza kunishambulia: sina shida na mashine iliyotumika. Nilishawahi kununua Kariakoo laptopu iliyotumika, nikaambiwa imetumika, nikalipa bei ya iliyotumika, nikaitumia miaka minne kwa amani. Ninachokasirikia ni nailoni. Mtu alikaa chini, akaifuta, akaitafutia boksi, akaizungushia nailoni na kuipiga moto ikabana, ili mimi nilipe zaidi ya mara mbili. Hiyo siyo bahati mbaya ya biashara.

Na ile karatasi ya ukutani isiwatishe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo yake. Ukisema mpya, iwe mpya. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko. Udhaifu wangu ni ile risiti ya "laptop 1", lakini nina ujumbe wa malipo wenye tarehe, kiasi na jina la duka, na kwenye WhatsApp kijana wao aliniandikia kwa mkono wake "ni mpya kabisa dada" na picha ya boksi juu. Barua nimeshaiandika. Jumatatu asubuhi nakala moja inaenda dukani, wana siku saba, nyingine inabaki kwenye mkoba. Na habari za EFD yao kusumbuliwa na mtandao kila Jumamosi nitazipeleka kwa wanaohusika na kodi, tuone mtandao utarudi lini.

Ninachoomba kwenu ni kimoja. Kama ulinunua maeneo hayo miezi ya karibuni, igeuze mashine yako sasa hivi, angalia vichwa vya skrubu, kisha soma saa za diski. Weka picha hapa. Tukiwa watano barua itasomeka tofauti.

NYONGEZA, saa tatu usiku: kwa mnaouliza, hapana, siitumii. Nimeazima ya mdogo wangu, ya mwaka 2014, kitufe cha A kimeng'oka, unabonyeza kile kichuchu cha mpira kilichobaki. Uzi huu wote nimeuandika nayo. Hesabuni wenyewe A ziko ngapi. Haijazima hata mara moja.

NYONGEZA YA PILI: kijana wa duka amenitumia ujumbe sasa hivi. "Mambo dada, mashine inaendeleaje? Tuna ofa ya RAM wiki hii."