Acheni kutukabidhi dashibodi yenye maelekezo ya mistari miwili!

Wakuu,

Uzi huu ni wa watengenezaji wa programu mnaokabidhi dashibodi za ghala na mizani huku Kusini, kisha kijana wa kompyuta wa Masasi au Nachingwea anaachiwa folda na README (faili la maelekezo) iliyoandikwa `npm install`, halafu `npm start`, yaani amri za npm, chombo cha kupakua vifurushi vya JavaScript. Basi. Huo ni ubabaishaji. Minada ya korosho ikianza Oktoba ghala halisubiri mtu amalize kupakua.

Nianze na Electron, mfumo unaogeuza kurasa za wavuti kuwa programu ya kompyuta, maana ndiko bando linakoteketea. Kifurushi chake kwenye npm ni kidogo. Kwa matoleo mengi, kikishashuka kinaendesha skripti inayokwenda GitHub kuchukua zipu ya karibu MB 100. Zipu hiyo haikai kwenye kache ya npm (folda ya vilivyokwisha kupakuliwa), ina kache yake: `%LOCALAPPDATA%\electron\Cache` kwa Windows, `~/.cache/electron` kwa Linux. Mtandao ukikata katikati, programu ikiwashwa inasema "Electron failed to install correctly". Asiyeelekezwa anafuta node_modules yote, folda ya vifurushi vyote vya mradi, na kuanza upya. Hakuna haja! Endesha `node node_modules/electron/install.js`, itarudia zipu peke yake. Na kwa laini dhaifu shusha `maxsockets` ya npm (idadi ya miunganisho kwa wakati mmoja) kutoka 15 hadi 3, vifurushi vishuke vichache kwa wakati badala ya vyote kugombania njia na kuishiwa muda. Mistari hiyo miwili ingewashinda nini kuandika?

Linalokera zaidi ni moduli zinazokompailiwa (zinazogeuzwa kuwa lugha ya mashine), hasa better-sqlite3, maktaba ya hifadhidata ambayo dashibodi nyingi za namna hii huitumia kutunza uzito wa magunia. Kosa linakuja na maneno `NODE_MODULE_VERSION` na namba mbili zisizolingana. Kwa Node, programu inayoendesha JavaScript kwenye mashine, Node 20 ni 115, Node 22 ni 127, na Electron ina namba yake isiyo ya Node yoyote iliyoko kwenye mashine. Watu wanaondoa Node na kuirudisha mara nne, na haitasaidia kamwe, kwa sababu moduli inatakiwa ilingane na Electron. Dawa ni `npx electron-rebuild`, inayoiandaa moduli upya ilingane na Electron. Ikikosa faili iliyokompailiwa tayari, itataka Python na Visual Studio Build Tools zenye sehemu ya C++, ambazo ni GB kadhaa. Hili linapaswa kuandikwa mstari wa kwanza, mtu ajue kabla hajanunua bando! Pia folda ya mradi iwe fupi na isiyo na nafasi, mfano `C:\kazi\dashibodi`, na isiwe ndani ya OneDrive, maana inashikilia faili wakati npm inaandika na unaishia kwenye EPERM, kosa la kukosa ruhusa.

Halafu mnakabidhi mradi bila `package-lock.json`, faili linalorekodi toleo kamili la kila kifurushi. Alama ya `^` kwenye `package.json` inaruhusu toleo jipya zaidi, kwa hiyo kinachoshuka leo Lindi mjini sicho kilichoshuka kwenu mwezi uliopita. Wekeni faili hiyo, wekeni `.nvmrc` inayotaja toleo la Node, na waambieni watu watumie `npm ci`, inayofuata `package-lock.json` bila kubadili toleo. Miradi mingine bado inadai Node 18, ambayo iliacha kupewa marekebisho Aprili 2025, na haisemi popote.

Msijibu kwamba ni shida ya vijijini. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima, Dar nao walikuwamo.

Kinachotakiwa ni flashi ya GB 32 pamoja na mradi. Iwe na kisakinishi cha Node kwa toleo kamili, Python, kache ya npm, kache ya Electron, folda ya `.electron-gyp` (faili za Electron za kukompailia moduli), na Build Tools zilizoshushwa kwa `vs_BuildTools.exe --layout E:\vsbt --add Microsoft.VisualStudio.Workload.VCTools --includeRecommended --lang en-US`. Bila `--lang` inavuta lugha zote. Kache ya Electron na `.electron-gyp` zinakiliwa mahali pake kwenye mashine, kisha `npm ci --offline --cache E:\npm-cache`. Angalizo: kache iandaliwe kwenye mfumo uleule. Iliyotoka Linux haina faili za Windows za esbuild, chombo cha kufungasha msimbo, na `--offline` itagoma hapohapo.

Na hizo grafu ambazo mnazivutia Chart.js (maktaba ya kuchora grafu) na fonti kutoka seva za nje ya nchi: dashibodi ikiwashwa ghalani Mangaka bila intaneti, jedwali linatokea, grafu inabaki nyeupe, na karani anadhani data imepotea. Fungeni maktaba ndani ya programu. Ni `npm install chart.js` na mstari mmoja wa import!

Mwenye layout ya Build Tools (nakala ya kusakinisha bila intaneti) tayari kwenye diski, awe Mtwara mjini, Newala, Ruangwa au Liwale, aandike hapa chini mwaka wa toleo lake na ukubwa wa folda ili walio karibu wakanakili.