TUPEANE UZOEFU: Ulimjuaje samaki wa kwenye tenki lako ni nani hasa?

Mgosi wa Ngamiani
Wagosi, dada zangu, salama humu? Leo tuongelee hawa samaki wa urembo maana hapa Tanga ukisema unafuga samaki mtu anakuuliza unauza kilo shingapi. Wengi wetu tunawanunua wakiwa vitoto, wamekuja na basi toka Dar kwenye mfuko wa nailoni, na muuzaji ukimuuliza huyu ni aina gani anakwambia "huyo mzuri sana huyo, ana rangi". Basi. Ukishamweka ndani miezi inapita ndo anaanza kujitambulisha mwenyewe, mwingine anageuka rangi, mwingine anakula wenzie, mwingine anakua mpaka tenki linamkataa. Kila mtu aseme wa kwake, ulimtambua kwa alama gani na matunzo yakabadilika vipi. Habari za bei tuziache, zitatutoa kwenye mada.

Naanza mwenyewe. Nilichukua mbuna, wale samaki wa kwenye mawe ya Ziwa Nyasa, wa njano wenye mistari myeusi na myeupe, wote sare, muuzaji akaniambia aina moja jinsia moja hawatasumbua. Wakatulia weee, halafu mmoja aliyekuwa mkubwa akaanza kuwa mweusi kuanzia tumboni, njano ikafutika yote, mistari iliyokuwa myeusi ikawa ndo ya rangi nyepesi. Nyumbani wakasema kaungua na hita, jirani akasema ukungu huo mtie dawa. Sasa mimi nikawa najiuliza, samaki mgonjwa si anajikunja pembeni na mapezi kayafunga? Huyu alikuwa anatawala tenki zima, anafukuza kila mtu, na chakula anafika wa kwanza. Kuja kutafuta picha nikakuta ni Melanochromis auratus wa Ziwa Nyasa, watoto na majike ndo wa njano, dume akishashika ubwana anageuka mweusi. Yani hakuna ugonjwa pale, ni madaraka tu.

Haikuisha. Jike mmoja akavimba kidevu na akagoma kula. Shangazi yangu akasema huyo koo limemvimba mtie chumvi. Ukimtazama vizuri alikuwa anachezesha mdomo muda wote kama anatafuna na hamna kitu, na hiyo ndo alama yenyewe wandugu, mbuna jike analea mayai na watoto mdomoni karibu wiki tatu na muda huo hali au anaonja tu. Nikamhamishia tenki dogo usiku taa zikiwa zimezimwa, kwa jagi sio kwa wavu, maana akishtuka anawatema wote. Akaja kuwatoa mwenyewe wakiwa wanaogelea. Mawe niliyowapangia ni mabaki ya matumbawe ya nyumba ya zamani iliyobomolewa mtaani, yanayafanya maji kuwa magumu na hiyo ndo hali wanayoipenda wa Nyasa. Ila kwa samaki wa maji laini kama neoni tetra usithubutu.

Mama Pacha Makorora
Hongera baba, kulea kwa mdomo ni kazi. Wangu ni gapi, hao wadogo mikia ya rangi rangi. Nilimwambia muuzaji sitaki kujaziwa watoto nipe majike matupu, akanichagulia yale makubwa ya kijivu, madume yote akabaki nayo. Kukaa kidogo vitoto hivi hapa! Nikasema huyu kijana kaniongopea kuna dume kaliingiza. Nikawakagua mmoja mmoja kwa tochi ya simu. Dume la gapi pezi lake la chini tumboni limekuwa kijiti chembamba kinaelekea nyuma, jike pezi hilo ni pembetatu na pale juu yake kuna doa jeusi linazidi kukolea akikaribia kuzaa. Wote majike kweli. Na wakazaa tena na tena jamani, kila baada ya wiki nne hivi. Kumbe jike akishapandwa huko dukani anaweka mbegu za dume akiba mwilini anazitumia kwa miezi kadhaa!! Kwa hiyo jike wa gapi wa dukani hesabu ni mjamzito, usihangaike kuuliza.

Na wanakula watoto wao hawana haya. Nimewawekea majani mengi upande mmoja vitoto vinajificha huko. Vinavyozidi nagawa kwa majirani wenye mapipa na matangi ya maji nje, wanamaliza viluwiluwi vya mbu.

Kijana wa Usagara
Mama Pacha naomba vitano, nna pipa

Mama Pacha Makorora
Njoo na chombo mwanangu. Na pipa liwe limefunikwa wavu, paka wa huko nawajua.

Fundi Kioo
Mi natengeneza matenki, kwa hiyo nakutana na samaki za watu kuliko za kwangu. Kitu kinachonishangaza ni mtu kuja na goldifishi wake kwenye ndoo anataka bakuli la duara la mezani. Cha kwanza naangalia mdomo. Kama ana ndevu, jozi mbili pembeni mwa mdomo, huyo ni koi, na koi anafika sentimita 60 na kuzidi, bakuli la nini mzee, chimba bwawa. Goldifishi hana ndevu hata moja. Lakini hata huyo goldifishi bakuli sio lake, anachafua maji vibaya sana na wa kawaida mwenye mkia mmoja anaweza kuzidi sentimita 20. Juzi kati mama mmoja alikuja na watatu wa muuzaji mmoja, jina moja bei moja, wawili koi mmoja goldifishi.

Halafu nisaidieni kuwaeleza watu uzito. Tenki la mita 1 kwa sentimita 40 kwa sentimita 50 likijaa ni lita 200, maji peke yake kilo 200, hujaweka kioo na mawe. Mtu analiweka juu ya kabati la tivii la mbao za kubandika halafu ananipigia silikoni imeachia. Silikoni haijaachia, kabati limepinda!

Na lingine, sponji ya filta msiisuuze bombani mpaka inang'aa. Ule utelezi una bakteria ndo wanaogeuza amonia ya mikojo na mabaki ya chakula kuwa nitraiti halafu nitreti ambayo haina makali sana. Klorini ya bomba inawaua, keshokutwa unaona samaki wako juu wanahema. Chota maji ya tenki kwenye ndoo, kamulia humo humo. Na tenki jipya hao bakteria wanachukua kama wiki nne hadi sita kujijenga, sasa wewe unajaza samaki ishirini siku ya kwanza unategemea nini.

Kambare Mkavu
Mi nliuziwa "msafisha tenki", yule anayenata kwenye kioo na mdomo wa chini. Kweli mwanzo alikula ukoga wote. Saivi ana urefu wa mkono wangu toka kiwiko, hasafishi chochote, mavi yake ndo uchafu wenyewe, na usiku nimemkuta kamnatia samaki wangu mwingine, enjeli, ubavuni anamnyonya ute. Nafikiria nikamwachie zake Mto Zigi akaishi kwa amani.

Mwalimu wa Bailojia
Kambare Mkavu nakuomba sana usifanye hivyo. Huyo ni pleko wa Amerika Kusini, wa kawaida anafika sentimita 40 na zaidi, ana magamba ya mfupa, na maji yakikosa hewa anameza hewa ya juu anaendelea na maisha. Akizoea mtoni hutamtoa tena, anachimba mashimo kingoni. Na Zigi ndo unaoingia Bwawa la Mabayani tunakopata maji ya mjini. Sangara walitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mnajua walivyowamaliza furu, wale samaki wadogo wa humo. Zigi ina wenyewe pia, kuna perege anaitwa kisayansi Oreochromis korogwe, kwa Korogwe hii hii yetu, yuko Pangani na Zigi. Tafuta mtu mwenye bwawa la zege umpe. Kwa sasa mpe tango na mchicha uliochemshwa kidogo usiku, akishiba hatamfuata enjeli.

Sasa na mimi uzoefu wangu ni wa perege. Kuna mwanafunzi aliniletea shuleni "mbuna wa kijivu" kanunua sokoni. Nikawaonyesha darasa zima: kila upande wa pua tundu moja tu, samaki wengi wengine wana mawili, basi huyu yuko ukoo wa sikilidi, hapo mbuna na perege wote wamo. Kinachofuata angalia pezi la mgongoni kwa nyuma, mtoto wa perege ana doa jeusi la duara pale, linafifia akikua. Lilikuwepo. Tukamweka tenki la maabara, akang'oa majani yote na kuchimba mashimo kwenye mchanga mpaka kioo cha chini kikaonekana. Mlinzi kila asubuhi akipita anauliza "mwalimu, huyu bado tu?"

Bint Raskazone
😂😂 mlinzi ana subira. Samahani kwa kuingilia, goldifishi wangu mmoja ana vidoti vyeupe, nishanunua dawa ya vidoti ila sijaitia bado. Wengine hawana. Anafukuza wenzie tu siku nzima.

Mwalimu wa Bailojia
Vidoti viko wapi dada?

Bint Raskazone
Kwenye mashavu, na mapezi ya mbele pale mwanzoni kwenye ule mwiba. Mwilini hamna.

Mwalimu wa Bailojia
Usitie dawa. Huyo ni dume na anataka kuoa. Madume ya goldifishi wakati wa kuzaliana wanatoa vipele vyeupe kwenye vifuniko vya mashavu na mwiba wa kwanza wa mapezi ya mbele, vimepangika vizuri. Ugonjwa wa vidoti unatapakaa popote, mkia, mgongo, macho, na samaki anajikwaruza kwenye mawe, na siku mbili tatu wenzie nao wanavyo.

Bint Raskazone
Alhamdulillah. Kumbe ni bwana harusi.

Kijana wa Usagara
Na silikanti anafugika? Nauliza kwa ajili ya rafiki

Mgosi wa Ngamiani
Mwambie rafiki yako silikanti, yule samaki wa kale wa kilindini baharini, kwa kawaida anakaa chini zaidi ya mita 100, anaweza kuzidi kilo 80, na serikali imemtengea hifadhi yake ya bahari hapa Tanga tangu 2009. Abaki na pipa lake la gapi.

Duga Maforoni
Wangu hajauzwa na mtu. Masika watoto wangu walileta samaki kwenye kopo la rangi, wametoa kwenye dimbwi la njia ya mashambani, dimbwi ambalo kiangazi tunapita na baiskeli juu yake hamna hata unyevu. Mi nikajua ni vitoto vya kambare au perege waliosombwa na mafuriko. Kuwamwaga kwenye beseni jeupe nikashangaa, wengine mkia mwekundu kabisa na mwili una buluu, wengine wa kijivu wana madoa meusi ubavuni. Nikaona hizi aina mbili. Kumbe aina moja, wa rangi madume wa madoa majike. Ni hawa wa kundi la Nothobranchius, wako pwani yetu hii, maisha yao yote ni msimu mmoja wa mvua, wanakua haraka haraka wanataga kwenye tope, dimbwi likikauka wao wanakufa mayai yanabaki humo ardhini yanasubiri mvua ijayo. Nimezaliwa hapa nimepita pale miaka yote sikujua nakanyaga mayai ya samaki.

Kuwatunza: beseni pana, wala hawataki maji marefu, chakula kiwe kinachotembea, viluwiluwi vya mbu ndo wanavipenda, cha unga wanakitema. Madume yasizidi majike maana yanapigana. Joto la hapa wanaliweza, ila mwezi wa pili jua likiwaka na umeme ukakata wale wa kwenye tenki la sebuleni naona wanahangaika kuliko hawa wa beseni, maji ya moto hayashiki hewa. Nikikosa pampu nachota kwa jagi namwaga toka juu mara kwa mara na chakula nakata.

Fundi Kioo
Duga hebu subiri, mayai umeyapata? Nataka mbegu

Duga Maforoni
Nimeyapata. Niliweka nyuzi za makumbi ya nazi zilizochemshwa mpaka rangi ikaisha, kwenye kibakuli chini ya beseni, wanaingia humo wanataga. Natoa, nakamua, nakausha kivulini ibaki na unyevu kidogo tu ukishika, natia kwenye mfuko nafunga naandika tarehe. Inakaa miezi kabatini. Ukitaka kuwaamsha unamwagia maji baridi ya mvua kimo cha vidole viwili vitatu, sio ya bomba moja kwa moja, wengi wanatoka ndani ya siku moja. Wasiotoka kausha tena rudisha kabatini, mengine yanachelewa makusudi.

Fundi Kioo
Nikija Jumamosi nije na mfuko au na kioo?

Duga Maforoni
Njoo na kioo, mfuko ninao.