Kuongeza koki ya chini kwa mtoto, bomba la uani: vifaa na hatua?

Mkazi wa Nzuguni
Wakuu, habari za jioni. Koki ya uani iko mita 1 kutoka chini, binti wa miaka 6 anapanda ndoo ili anawe. Nataka kuongeza nyingine chini yake, naye asaidie. Bomba la ukutani ni PPR (plastiki ya kuunga kwa moto), koki ya nusu inchi imefungwa kwenye elbo yenye uzi wa shaba. Maji ni ya DUWASA (mamlaka ya maji Dodoma), yakikatika tunatumia simtanki. Ninunue nini, na mtoto afanye kipi?

Fundi bomba, Kisasa
PPR yenyewe usiiguse, inaungwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 za Selsiasi. Anzia kwenye uzi wa koki. Vyote nusu inchi: nipo 1 (kiungo kifupi chenye uzi pande zote), tii 1 (kiungo cha njia tatu), elbo 1, kipande cha bomba la chuma sentimita 40 chenye uzi pande zote mbili, koki 1, tepu nyeupe ya kuzuia uvujaji 2. Nipo inaingia kwenye elbo ya ukutani, tii inafungwa kwenye nipo, koki ya zamani inarudi mbele ya tii, bomba linashuka, kisha elbo na koki mpya. Maungio 6. Koki chukua ya mkono wa robo mzunguko; ile ya kuzungusha watoto huikaza mpaka washa (raba ya ndani) inakatika.

Wengi huharibu wakati wa kufungua koki ya zamani. Maji ya visima vya Mzakwe, vya hapa Dodoma, huacha chokaa, uzi unagandana. Ukivuta kwa nguvu moja, shaba inazunguka ndani ya PPR na hapo ni kuvunja ukuta. Kaza kidogo, legeza kidogo, rudia mpaka iachie.

Mama Ipagala
Dada, fanyeni asubuhi, mchana chuma cha uani kinaunguza. Mtoto afunge geti valvu (ya kukata maji), afungue koki maji yaishe, kisha ahesabu tepu unapoizungusha: mara 10 kila uzi, ukitazama uzi usoni ifuate mshale wa saa. Ikienda kinyume inajikunja na kutoka unapokaza. Renchi usimpe, na uzi uliokatwa asiupitishie kidole.

Fundi bomba, Kisasa
Kweli kabisa. Niongeze: koki ikipita pale unapotaka itazame, usiirudishe nyuma, itavuja. Fungua, safisha, weka tepu mpya. Na bomba linaloshuka litakaa mbali na ukuta, kwa hiyo weka kipande cha mbao nyuma na klipu 2, mtoto asije akaliegemea.

Mkazi wa Nzuguni
Asanteni. Nitajuaje haivuji?

Mama Ipagala
Mpe karatasi ya chooni kavu apanguse ungio moja moja. Ikilowa hata kidogo, hapo panavuja. Lakini mrudie tena maji ya DUWASA yakifunguliwa. Simtanki iliyoinuliwa mita 3 inasukuma kwa presha ya kama baa 0.3 tu, ungio lililotulia kwa tanki linaweza kutoa jasho kwa bomba la mtaani.