Dizeli, mafuta ya pamba au baiodizeli kwa pawa tila?

Mpunga_Magu: Wakuu, shikamooni. Nina pawa tila (trekta dogo la kusukuma kwa mikono) na pampu ya kumwagilia, zote za dizeli. Jirani anakamua mbegu za pamba, anadai mafuta yake yanaingia tenki hivyo hivyo. Kweli?

FundiNozo: Usithubutu. Mafuta ya mbegu ni mazito kuliko dizeli zaidi ya mara kumi. Nozo inashindwa kuyapuliza kama ukungu, yanatoka matone na hayaungui yote. Masizi yanaganda kwenye nozo na ringi za pistoni, mengine yanashuka kwenye oili mpaka inakuwa uji. Hapo andaa hela ya ovaholi.

MamaKinu: Mbona mashine yetu ya kusaga ilikunywa alizeti na bado inasaga?

FundiNozo: Mama, zile za zamani zenye chumba cha pembeni cha kuwashia, mzunguko wa taratibu, zinavumilia. Hizi za sasa zinapuliza juu ya pistoni moja kwa moja.

Kirumba_Mwaloni: Lakini Paris 1900 injini ya dizeli ilionyeshwa ikitumia mafuta ya karanga!

FundiNozo: Maonyesho si msimu mzima wa kulima, kaka.

MwlKemia: Ukitaka mafuta ya mimea, yageuze kwanza kuwa baiodizeli, yaani mafuta ya mimea yaliyogeuzwa kwa kemikali yawe mepesi karibu kama dizeli. Lita 100 za mafuta safi, makavu. Methanoli, aina ya spiriti, kama lita 20. Kostiki ya watengeneza sabuni kama gramu 350. Joto nyuzi 55 hadi 60. Glisirini, ule uji mzito unaojitenga, inazama, unaitoa, kisha unaosha na kukausha. Maji yakiingia mwanzoni, umepika sabuni. Mafuta yaliyokaangiwa chipsi yana asidi, kostiki inaongezeka, pima kwanza. Na methanoli inapofusha, inaua, mvuke wake unalipuka. Jikoni marufuku!

MamaKinu: Na bei je? Lita ya mafuta ya kula imeipita dizeli ya sheli. Nchi inaagiza ya kupikia kutoka nje, mimi nichome ya kwangu shambani? Hapana. Labda yale machafu ya mahoteli.

FundiNozo: Ukiyapata, changanya lita 20 za baiodizeli kwa 80 za dizeli. Mipira ya zamani ya mafuta inavimba, weka mipya. Filta ya kwanza itaziba mapema, maana baiodizeli inang'oa uchafu wa tenki.

Mpunga_Magu: Basi pawa tila inabaki na dizeli, jirani akauze mafuta yake sokoni. Kirumba, hayo machafu huko mjini dumu linakwenda bei gani?

Kirumba_Mwaloni: Wauza chipsi hawamwagi ndugu yangu, wanakaangia tena. Nitauliza hotelini.