Mrejesho: Kahawa ya kuletewa kila mwezi hapa Lamu

Niliuliza kama inafaa kulipia buni za Nyeri niletewe nyumbani kila mwezi. Mfuko wa kwanza, gramu 250, umefika: basi hadi Mokowe, kisha boti. Ni za aina ya mbuni iitwayo SL28, zimekaangwa kidogo tu, rangi ya mdalasini. Kosa langu, nilizitwanga nikazichemsha kwenye mdila (birika la kahawa) na tangawizi, kama kahawa chungu yetu. Ikawa chachu tupu! Babu akatema, akauliza kama ni ukwaju. Aliyenishauri nisichemshe, ahsante. Jana nilizimwagia maji ya moto yaliyokwisha kuacha kuchemka, nikangoja dakika 4, nikachuja. Lo! Kama zabibu, wala sikutia sukari. Nitaendelea, ila mfuko mmoja kwa miezi miwili. Kwa halua, bado nataka ile nyeusi ya barazani.